Mtungi Uliokaa Juani

Kila asubuhi, nikishapiga deki zahanati, huandika daftarini namba ya geji ya mtungi mkubwa wa oksijeni. Siku ile niliandika sitini.

Saa nne mama yangu alikuwa amelazwa ndani ya boti gatini Faza, kifua kimembana, akivuta hewa ya mtungi mdogo uliokaribia kwisha. Daktari Fanuel alipiga hesabu kwenye simu.

"Mtungi mkubwa ni wa lita kumi, geji inasoma sitini na tano. Hewa ikitoka huku nje ni lita mia sita na hamsini. Kwa lita tano kila dakika, ana dakika mia na thelathini. Nahodha, safari ya hospitali ya Lamu ni muda gani?"

"Masaa mawili, maji yakinipa ndia," alisema Nabhan.

"Inatosha. Twende."

Sitini na tano? Hakuna aliyeujaza. Ulitangulizwa gatini mapema, ukakaa juani. Nilishaona geji ikipanda mtungi ukipigwa na jua dirishani, na jioni ikirudi. Lakini ningemwambiaje daktari, mimi niliyeishia darasa la tano? Nikachota ndoo ya maji ya bahari, nikaumwagia mtungi ubavuni.

"Mtungi waoshwa, wenda arusini?" Nabhan akacheka.

Nikamwaga ya pili, ya tatu, ya nne. Daktari akanishika mkono. "Hadil, unafanya nini?"

"Tazama geji, Daktari."

Sindano ilikuwa ikishuka. Sitini na tatu. Sitini na moja. Ikatulia kwenye sitini.

"Ni joto lililoipandisha," alisema polepole. "Basi ni dakika mia na ishirini tu. Kuna mtungi mwingine?"

"Uko Chundwa," nilisema.

"Hadi ufike, maji yametoka, boti haipiti," alisema Nabhan. Hakucheka tena.

Daktari akaunganisha mtungi mkubwa, akapunguza hewa kutoka lita tano hadi nne kwa dakika, ili itufikishe dakika mia na hamsini. Kipimo cha oksijeni kidoleni kikashuka, tisini na tatu hadi themanini na tisa. Midomo ya mama ikabadilika rangi.

"Mwanangu, hewa."

"Vuta polepole, mama." Ni ndoo zangu zilizompunguzia.

Dakika ya mia na ishirini ilitukuta bado mkondoni Mkanda, maji machache, Nabhan akisukuma boti kwa mti mrefu wa upondo. Nikaweka sikio kwenye bomba. Hewa ilikuwa bado inapita.

Tulifika Lamu baada ya robo saa nyingine. Wauguzi walimpokea akiwa hai, sindano ikikaribia sifuri. Daktari alinishukuru. Nilikuwa nahesabu pumzi za mama.