Walipohama Katikati ya Mji

Fundi Waya na mkewe waliishi katikati ya mji tangu walipooana, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kazi yake ya umeme na kwa wembamba wake, likamganda hata ukweni. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na kiroshani ambacho wakikaa watu wawili, wa tatu asubiri zamu. Ngazi zilikuwa za giza, na maji yalipanda yakipenda. Lakini mkewe, aliyekuwa mshonaji, hakuwahi kulalamika. Cherehani yake ilikaa dirishani, dirisha lilitazama njia panda, na njia panda ile, alisema, haikuwa na siku mbili zinazofanana.

Wateja wake hawakujisumbua kupanda. Walisimama chini wakaita, "Mama Sindano!" naye akateremsha kapu kwa kamba. Kitambaa kilipanda, gauni likashuka, na habari zikapita katikati. Alijua nani kachumbiwa, na nani kanenepa ila hataki vipimo vyake vitajwe kwa sauti. Akiishiwa vifungo, alivuka barabara. Akiumwa jino, daktari alikuwa nyuma ya posta. Jioni, kazi ikiisha, alimvuta mumewe mkono wakatembea tu, wakitazama madirisha ya maduka na maghorofa mapya yanavyopanda, wakibishana lipi litalipita jingine.

"Mji unakua tunauona," alisema. "Kama mtoto."

"Mtoto gani huyu asiyenyamaza," mumewe alijibu.

Kwa Fundi Waya mambo yalikuwa mengine. Kutwa nzima alikuwa ndani ya maghorofa hayo hayo, akipitisha nyaya ukutani, vumbi la saruji puani, mlio wa nyundo masikioni. Akirudi nyumbani anakutana na honi, na muziki wa duka la simu, na mpishi wa hoteli ya jirani anayegombana na sufuria zake. Tena dada yake hakumpa nafasi ya kupumua. Dada huyo alikuwa na nyumba na uwanja nje ya mji, na kila alipowatembelea alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kuchafuka.

"Mtakaa juu ya maduka ya watu mpaka lini, kaka, kama njiwa?" alimwambia. "Mwanamume ana lango lake."

Maneno yakamwingia. Akanunua kiwanja pembezoni kabisa, basi linapogeuzia, akajenga kidogo kidogo bila kumwambia mkewe. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumfurahisha kwa ghafla. Kila swichi aliifunga kwa mkono wake, na chumba cha kushonea alikipa mwanga kuliko sebule. Jumapili moja alimwambia avae vizuri, akampeleka, akamtia ufunguo kiganjani.

Mama Sindano alizunguka vyumba vyote. Aliwasha taa, akazizima. Alisimama kwenye dirisha la chumba cha kushonea akatazama uwanja, na ukuta wa uwanja, na nyuma ya ukuta uwanja wa mtu mwingine.

"Nzuri," akasema. Kisha akauliza, "Na wateja?"

"Chema chajiuza. Watakufuata."

Hakumuuliza kama alitaka kuhama. Alimuuliza mapazia yawe ya rangi gani, naye akasema yoyote.

Wateja wachache walimfuata mwanzoni, kwa mapenzi tu. Walifika wamechoka, wakasifu hewa, wakanywa maji, hawakuonekana tena. Majirani walikuwa watu wema, lakini wema wao ulikuwa nyuma ya malango. Waliondoka asubuhi na kurudi jua likitua.

"Mchana mtaa huu tunabaki mimi na mbwa," alimwambia binti yao kwa simu, binti aliyeolewa mji mwingine. Wakacheka wote wawili, wakaliacha hapo.

Aliyeendelea kwenda mjini kila siku alikuwa Fundi Waya. Akirudi alikuta chakula tayari na mkewe ana maswali. Lile ghorofa la kona limefika wapi? Muuza vitambaa kikohozi kimemwacha? Ile sinema wameipaka rangi? Fundi Waya alikuwa amechoka. Alitaka kula, alitaka ule ukimya alioujengea nyumba.

"Mji ni ule ule," alisema huku anamega.

Baada ya muda mkewe aliacha kuuliza, naye akafurahi moyoni kwamba sasa amezoea.

Siku moja alikuwa juu ya jengo jipya, anafunga taa za nje, akatazama chini kwenye njia panda yao ya zamani. Akamwona mwanamke amekaa kwenye vidato vya duka la mikate, amevaa gauni la kijani, mkate wa moto mkononi ndani ya karatasi. Muuza magazeti alisimama mbele yake akimsimulia jambo kwa mikono miwili. Yule mwanamke akacheka, akatupa kichwa nyuma, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Sauti haikufika kule juu, lakini Fundi Waya alimtambua kwa kucheka kwake. Papo hapo akajua kwamba cheko lile hakuliona tangu wahame.

Angeweza kushuka. Lifti ya mizigo ilikuwa pale pale, tupu. Alifikiria kushuka, amguse bega, anunue mkate wa pili, wakae. Badala yake akaona haya, wala hakujua ni haya ya nini, akazigeukia nyaya zake.

Jioni alimkuta nyumbani amevaa gauni la kila siku.

"Umeshindaje?"

"Salama. Nilikuwa hapa hapa."

"Haya," akasema, akavua viatu.

Hakumkasirikia. Alijua kwamba mtu hafiki kwenye uongo mdogo kama ule bila kusindikizwa, na msindikizaji alikuwa yeye. Lakini alinyamaza, akajidanganya kwamba kunyamaza ni hekima. Na mkewe, kwa kuwa hakuulizwa, aliendelea kwenda.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua kubwa. Fundi Waya alikuwa anatafuta koti lake, mkewe akaja akasimama mlangoni.

"Mwoka mikate ana chumba juu kule, alikuwa anawekea magunia," akasema. "Kiko wazi. Nimemwambia nakichukua."

"Cha kushonea?"

"Cha kushonea na cha kulala."

Akageuka. "Unaniacha?"

"Sikuachi. Nahama. Wewe ulihama, nikakufuata. Sasa nahama mimi. Ukitaka, nifuate."

Alilisema kwa upole, kama anayemkaribisha mtu mezani. Jibu lilikuwa karibu, neno moja tu. Lakini Fundi Waya aliziangalia kuta zake, akamkumbuka dada yake, akawafikiria majirani, na kiburi kikamjaa kinywani.

"Mkataa pema, pabaya panamwita," akasema.

"Na sisi tuliokuwa pema tukapahama, methali yetu ni ipi?"

"Nenda basi," akasema. "Utarudi."

Mkewe alibeba cherehani na nguo zake kwa gari la kukodi, na hakurudi. Dada mtu alipopata habari alikuja mbio, akaketi akaegemea kiti kabisa, kwani hapa palikuwa safi.

"Mwanamke mzima, karibu awe bibi, anakimbilia mataa kama nondo," akasema. "Wifi yangu katuaibisha."

"Mataa hayo nayawasha mimi, dada," Fundi Waya akasema. "Mwache wifi yako." Ilikuwa mara ya kwanza kumnyamazisha, na ilikuwa imechelewa sana kufaa kitu.

Kiburi kilimchukua msimu mzima kukitema. Alipokitema, alipanda ngazi za duka la mikate akamkuta mkewe na mshonaji mwenzake, msichana mcheshi mwenye tepu shingoni, vitambaa mpaka juu ya kitanda. Yule msichana aliwaangalia mara moja tu, akakumbuka kwamba ana uzi wa kununua.

"Nije?" Fundi Waya aliuliza.

Mkewe aliweka mkasi chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma.

"Ungesema siku ile, ningemwambia mwoka mikate hapana, tukatafute vyumba viwili. Siku ile vilikuwepo. Hapa unaona mwenyewe. Kitanda cha mtu mmoja, na huyu binti kazi yake inataka nafasi."

Fundi Waya alitafuta vyumba. Nyumba yao ya zamani ilikuwa na vijana wawili waliooana karibuni, wamening'iniza maua kiroshanini. Aliuliza kwa walinzi wa milango, wengine wakimjua kwa jina, kwani ndiye aliyewatilia umeme. Wote walimwambia lile lile, kwamba siku hizi kila mtu anataka kukaa mjini, na vyumba vinachukuliwa rangi haijakauka. Nyumba ya nje aliitangaza kuuza. Waliokuja kuiona walisema ni nzuri, fundi wake anajua kazi, ila tatizo ni mbali na mji.

Kwa hiyo anakwenda kila Jumapili. Mkewe humpikia, humsimulia wateja, mara nyingine hushuka wakatembea. Ni mke na mume, hakuna aliyesema vingine, lakini anabisha hodi kabla ya kuingia.

Jumapili iliyopita alimtengenezea taa ya mezani iliyokuwa ikizimika-zimika. Lilikuwa jambo la kukaza skrubu moja. Akaifungua yote, akaweka vipande juu ya gazeti, akavisafisha kimoja kimoja. Mkewe aliona, akaendelea kupinda mkono wa shati.

"Basi litakuacha," akasema mwishowe.

"Liniache."

Mkewe alisimamisha cherehani. Fundi Waya akangoja, taa mkononi. Dirishani kelele za barabara zilikuwa zile zile alizozikimbia, na sasa alizisikiliza kama mgeni anayesikiliza nyimbo za watu.

"Wiki ijayo njoo mapema," mkewe akasema, akamletea koti.

Alishuka. Hakwenda kituoni moja kwa moja. Alizunguka jengo lote polepole, akipishana na watu waliotoka kutembea baada ya chakula, kisha akaenda kupanga foleni ya basi la pembezoni.