Mibaazi ya Upande wa Kusini

Felicitas, mwalimu mstaafu aliyehamia Kunduchi kutoka Bukoba, alipanda migomba mara mbili nyuma ya nyumba yake, na mara zote upepo wa kusi uliilaza chini kabla haijazaa. Akaamua kujenga ukuta. Jirani yake Mwanakombo, mzaliwa wa hapo, alimkuta akipima kiwanja kwa kamba.

“Ukuta hauliwi, Mama Audax,” alimwambia. “Panda mibaazi upande wa kusini, na milonge nyuma yake. Upepo wa pwani haukomeshwi, unapunguzwa tu.”

Felicitas alisitasita, lakini akapanda, kisha akatia migomba mipya kwa ndani. Kusi liliporudi mwaka uliofuata, alisimama mlangoni akitazama. Mibaazi iliinama, ikainuka, ikainama tena. Majani ya migomba yalichanika, lakini hakuna mgomba hata mmoja ulioanguka.

Alikimbilia kwa Mwanakombo miguu mitupu. “Imesimama!” alipaza sauti. “Yote imesimama!”

“Basi chukua kapu tukachume mbaazi,” Mwanakombo akamjibu huku akicheka. “Mie nazi nishakuna.”