Chumba cha Mbele na Neno Lisiloandikwa

Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kubishana, na Kinyozi alilijua hilo vizuri. Akisikia cherehani ya kaka yake imenyamaza, alijua Fundi sasa amepiga magoti mbele ya gauni la mteja, pini zimebanwa kwenye midomo. Hapo hapo alipaza sauti kutoka chumba cha mbele: "Kaka! Toharani iko wapi kwenye Biblia? Nipe mstari mmoja tu, nifunge kazi leo!" Na Fundi, katekista wa parokia, mtu aliyewafundisha dini hata watu waliomzidi umri, hakuweza kujibu ila kuguna kama anayeumwa jino. Mteja naye, mkono mmoja ndani ya gauni na mwingine nje, hakujua acheke au asali.

Lakini usimwonee Fundi huruma haraka. Naye alikuwa na saa zake. Alingoja mpaka Kinyozi aweke wembe kwenye shingo ya mtu, mahali ambapo hasira ni hatari kwa wote, kisha akaja kusimama mlangoni, tepu imening'inia shingoni, akauliza kwa upole: "Mdogo wangu, hii orodha ya vitabu vya Biblia imeandikwa kwenye kitabu gani cha Biblia? Sura ya ngapi?" Kinyozi alimeza maneno na kukaza macho kwenye shingo. Wateja walisema swali hilo lilimfanya anyoe vizuri kuliko siku zote.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja na walibatizwa Wakatoliki wote. Kinyozi hata alitumikia altareni alipokuwa mdogo, akiwa na kanzu ndefu iliyomwangusha mara kwa mara. Ukubwani alihamia kanisa jingine, lile la kuimba kwa nguvu, akawa mwinjilisti mwenye kipaza sauti chake mwenyewe. Kwa kuwa mteja aliyenyolewa nusu kichwa hawezi kutoka nje, wengi waliisikia Injili kwake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mama yao hakuwahi kuamua ugomvi huo. Alisali rozari yake chumbani, akasikia mapepo yakikemewa upande wa pili wa ukuta, akaendelea na fumbo linalofuata. Alipougua, Kinyozi alihamishia kiti chake na kioo chake katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mama, ili awe karibu naye. Fundi alikuwa chumba cha nyuma tangu zamani, jirani na jiko, na nguo za wateja wake zilitoka zikinukia vitunguu. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika na maisha yao. Aliyebaki kuwaangalia wote ni Dada, mkubwa wao, aliyemwogesha Mama na kumlisha mpaka mwisho.

Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, Dada aliwakalisha chini.

"Mama alisema chumba cha mbele apewe Kinyozi," alianza.

"Alisema lini?" Fundi aliuliza.

"Asubuhi ya siku ile ile. Nilikuwa namfuta uso. Wewe ulikuwa parokiani, na huyu alikuwa kwa mteja."

"Nani mwingine alisikia?"

"Mimi. Akasema pia..."

"Ishia hapo hapo, Dada." Fundi aliinua mkono kama askari wa barabarani. "Imeandikwa wapi? Kama hakuna maandishi, mtu yeyote anaweza kusema lolote. Sitaki kusikia zaidi."

Dada alifunga mdomo. Kinyozi akarukia: "Kaka, neno la Mama ni neno! Limetoka kinywani mwake, likapokelewa na Dada, likatufikia sisi. Unataka nini tena?"

Ukiwatazama vizuri utaona kila mmoja alikuwa amevaa shati la mwenzake. Katekista anadai maandishi, mwinjilisti anatetea mapokeo, na hakuna aliyehisi kwamba linambana kwapani. Dada ndiye aliyeona. "Mkuki kwa nguruwe," alisema, akainuka kwenda kuosha vyombo, akawaachia wenyewe waimalizie methali.

Kusema kweli, chumba hakikuwa ndicho kilichomuuma Fundi. Mwanga wa mbele ni mzuri na wateja wangemwona kutoka barabarani, sawa. Lakini kilichomchoma ni kwamba Mama aliaga dunia akimtaja Kinyozi. Yule aliyelikimbia kanisa lake ndiye aliyekumbukwa, na yeye aliyemletea padre na Komunyo kila wiki hakuachiwa hata salamu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa anamwonea wivu mdogo wake kama mtoto aliyenyimwa kipande cha mkate. Hilo hakumwambia mtu. Alichosema ni kwamba anataka karatasi, na kwamba Kinyozi awe ameondoka ifikapo mwisho wa mwezi.

Tangu hapo kelele za kupitia ukutani zilikoma. Fundi alibana pini zake kwa amani, na amani hiyo haikumpendeza hata kidogo.

Ikatokea kwamba vijana wa parokia na vijana wa kanisa la Kinyozi, wasiojua habari za chumba, waliandaa mdahalo kwenye ukumbi wa shule, Jumapili alasiri. Mada ilikuwa: Je, Maandiko peke yake yanatosha? Nani wa kusema? Kila upande ulimteua bingwa wake, na mabingwa wakawa ndugu wawili wanaolala nyumba moja bila kusemeshana.

Fundi alijiandaa kama mtu anayeshona suti ya askofu. Alichambua mistari, akaipanga, akabandika vipande vya kitambaa kwenye kurasa za Biblia yake, kila rangi na hoja yake, mpaka kitabu kikavimba. Dada alimkuta mezani akisoma kwa sauti.

"Na hiyo yote ni ya nini?"

"Ya kuthibitisha kwamba Maandiko peke yake hayatoshi."

"Kwa hiyo unakwenda kuthibitisha mistari peke yake haitoshi, na umebeba mistari peke yake."

"Dada, mambo haya ni mazito."

"Naona. Hata kitabu kimekataa kufungika."

Jumapili ukumbi ulijaa. Wakatoliki walikaa kulia, watu wa Kinyozi kushoto, na katikati waliketi wale wanaokwenda popote penye ubishi. Mwalimu mkuu mstaafu alipewa kengele ya shule kusimamia muda. Dada alikaa benchi la mbele kabisa, mkoba magotini.

Kinyozi alianza. Hakuna anayeweza kumnyima haki yake: alijua kusema. Alisema Neno la Mungu ni kama kipimo cha fundi, huongezi wala hupunguzi, na kwamba wanadamu wakiachiwa kupokezana habari kwa mdomo, ikitoka panya inafika ng'ombe. "Mtu akiniambia 'tumepokea', namuuliza: umepokea kutoka kwa nani, na karatasi iko wapi?" Upande wake ulilipuka kwa amina. Fundi alimtazama kwa jicho la pembeni. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mahali, na hakutaka kukumbuka ni wapi.

Zamu yake ilipofika, mistari ilianza vizuri. Aliwakumbusha kwamba Paulo aliwataka watu wake washike waliyofundishwa kwa barua na waliyofundishwa kwa mdomo pia. Aliwakumbusha kwamba Yesu mwenyewe hakutuachia kitabu alichokiandika kwa mkono wake, aliacha watu. Makofi yalikuja, lakini ya adabu tu. Fundi akaona ukumbi unapoa. Akafanya kosa wafanyalo wasemaji wote waliopewa kipaza sauti: aliacha alichokiandaa, akafuata ulimi.

"Ndugu zangu," alisema, akasogea mbele, "niwaulize jambo la nyumbani. Mama yako yuko kitandani. Anakufa. Anafungua mdomo akuachie neno. Je, utamwambia, 'Ngoja kwanza Mama, nitafute kalamu'? Na asipoliandika, utasema hakulisema? Neno la mzazi linapungua nini kwa kukosa wino? Mtoto gani huyo asiye na haya, amwambie mama yake, 'Imeandikwa wapi?'"

Ukumbi ulisimama. Hata upande wa kushoto baadhi ya akina mama walijisahau wakapiga vigelegele, kisha wakajirudi. Mwalimu mkuu alipiga kengele na hakuna aliyemsikia. Fundi alifungua mikono kuyapokea makofi, na macho yake yakaangukia benchi la mbele. Dada hakuwa akipiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, akimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyekaribia kuangusha bakuli, unangoja tu usikie mlio.

Na Fundi akausikia. Alijirudia maneno yake moyoni, la kwanza hadi la mwisho, na kila moja lilikuwa linamsema yeye.

Kinyozi alisimama kujibu. Sasa elewa jinsi alivyokuwa amebanwa. Angeweza kummaliza kaka yake kwa sentensi moja: muulizeni habari za chumba cha mbele. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba neno la Mama, lisiloandikwa popote, lina nguvu, na hapo mdahalo wake wote ungekwenda na maji. Akishika hoja yake, anapoteza chumba. Akishika chumba, hoja inakufa. Alimtazama Dada. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa amesimama pale amekauka midomo, akingoja kuaibishwa mbele ya parokia nzima.

"Neno lisiloandikwa," Kinyozi alisema polepole, "halimfungi mtu. Hata liwe la mama yangu mzazi."

Amina zikapaa hadi kwenye bati. Katika ukumbi mzima ni watu watatu tu waliojua kwamba mtu ametoka kugawa chumba chake. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba pande zote zimefanya vizuri, na kila upande ukatoka nje ukiimba ushindi. Fundi alibebwa juu juu na vijana wa parokia hadi getini. Aliomba ashushwe, wakadhani ni unyenyekevu.

Alipofika nyumbani, Kinyozi alikuwa ameshatangulia. Kioo kilikuwa chini kimeegemezwa ukutani, na yeye anakusanya vitana na mashine za kunyolea ndani ya boksi.

"Unafanya nini?"

"Nahama. Nimeona chumba mtaa wa pili, kule karibu na stendi."

"Mwisho wa mwezi bado."

"Nimesema hadharani, Kaka. Sitaki kuwa mtu wa kusema hivi jukwaani na vile nyumbani." Alisema bila kumtazama, na bila ukali, na kwa hiyo ilichoma zaidi.

Fundi alikaa kwenye kiti cha kunyolea. Dada alikuwa ameingia, amesimama mlangoni, mkoba bado mkononi.

"Dada," Fundi alisema. "Nisamehe. Nilikuita mwongo."

"Hukuniita mwongo. Ungeniita mwongo ningekupiga na mwiko, na umri wako huo. Ulinikatisha tu."

"Nilikukatisha?"

"Nilikuwa sijamaliza. Ukaniambia niishie hapo hapo, hutaki kusikia zaidi. Basi, nikaishia hapo hapo. Kama neno la kwanza hukulipokea, la pili ningelipeleka wapi?"

Kinyozi aliacha kupanga. Fundi alitaka kuuliza, akaogopa. Siku zote hizi alikuwa ameshajizoesha kwamba hana fungu lake, na mtu akishazoea njaa hushituka akisikia harufu ya chakula. Mwishowe aliuliza, sauti ikatoka nyembamba.

"Lilikuwa linanihusu?"

"Lote lilikuwa linakuhusu." Dada aliweka mkoba chini. "Mama alisema hivi: 'Chumba cha mbele apewe Kinyozi, asije akahamia mtaa mwingine. Yule mkubwa wake namhofia. Mke hana tena, watoto wako mbali, na akikaa kimya hawezi kupumua. Mdogo wake akiondoka, atabishana na nani? Mwambie nimempa mmoja chumba, na yeye nimempa mtu.'"

Kinyozi aligeukia ukuta, akawa anautafuta kwa vidole msumari wa kukitundikia kioo tena, na hakuuona, ingawa ulikuwa mbele ya pua yake. Fundi alilia palepale kwenye kiti cha wateja, bila kujificha, akifuta macho kwa ncha ya tepu yake.

Kisha akamwomba Dada arudie. Dada akarudia. Akamwomba tena.