Violeth Wawili

Mradi wa maji aliokuwa akifanyia kazi Violeth ulifungwa ghafla. Wafadhili waliondoka, ofisi ikabaki viti vitupu. Wenzake wengi walisema wanarudi kwao kupumzika kwanza. Violeth hakupumzika. Jioni ile ile alikaa nyumbani Miyuji na mumewe Eliakimu, mwalimu wa sekondari, akaanza kuwapigia simu watu wote aliowahi kufanya nao kazi.

"Usiwaombe kazi," Eliakimu alimwambia. "Ukimwomba mtu kazi na hana, anaona aibu, anakata simu. Waulize tu ni nani hapa Dodoma anayewatafutia watu ajira."

Ushauri ulizaa matunda. Kabla wiki haijaisha alikuwa amepata mawakala wawili. Batuli alikuwa mchangamfu, kila jambo analituma kwa ujumbe wa sauti.

"Mteja wangu ni kampuni ya kilimo, mdogo wangu. Anataka mtu wa kushinda na wakulima huko Mlali na Busi. Kwenye CV yako punguza makompyuta, ongeza watu."

Wa pili, Gerson, aliandika kwa mkato: "Kiwanda cha mafuta. Wanatafuta mtu wa takwimu za manunuzi. Punguza vijiji, ongeza ripoti."

Majina ya kampuni hawakuyataja. Mawakala ndivyo walivyo, wanaogopa mtu asije akawaruka akaenda mwenyewe. Basi Violeth akaandaa CV mbili. Hakudanganya popote, kwa maana kwenye mradi alikuwa amezifanya kazi zote mbili. Jioni Violeth akimenya viazi, Eliakimu alivaa miwani, akajifanya mwenyekiti wa usaili.

"Sasa hivi nazungumza na Violeth yupi?"

"Wa wakulima."

"Basi habari za kompyuta sitaki kuzisikia."

Simu zote mbili zikaja, usaili wote siku moja: wa Batuli asubuhi, wa Gerson mchana, na wote Kizota, kwenye viwanda. Violeth akashukuru Mungu kwa kurahisishiwa safari.

Asubuhi alikaribishwa na watu wawili: Mzee Mazengo, mwenye sauti ya chini, na mama mmoja aitwaye Dorkasi. Aliwaamkia, akakaa, na maneno yakamtoka vizuri kama alivyojiandaa.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?" Dorkasi aliuliza.

"Ofisi inanichosha, mama. Nikikaa siku mbili mbele ya kompyuta, kichwa kinauma. Mimi ni mtu wa kukaa na wakulima."

Wakatabasamu wote wawili. Akatoka akiwa mwepesi, akala wali kwa mama lishe huku akipitia majibu ya mchana, yale ya kupenda takwimu. Kisha akapanda bajaji na kumwonyesha dereva ramani aliyotumiwa na Gerson. Bajaji ilizunguka ukuta mrefu, ikamshusha kwenye geti dogo la chuma lisilo na bango. Mlinzi akampitisha katikati ya marundo ya mashudu ya alizeti, akamfungulia mlango.

Ndani walikuwa Mzee Mazengo na Mama Dorkasi.

"Umesahau kitu, binti?" Dorkasi aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kwenye usaili."

"Si tumeshamaliza na wewe?"

Violeth aligeuka kutazama mlango alioingilia, kana kwamba ungemweleza. Mazengo akafunua karatasi zilizokuwa mbele yake.

"Huyu mtu wa takwimu naye anaitwa Violeth. Ni ndugu yako?"

"Ni mimi, mzee."

Majibu yote aliyoyaandaa yalimpotea kichwani.

"Asubuhi ulisema kompyuta inakuumiza kichwa," Mazengo alisema.

"Sikujua kama ni ninyi. Nilidhani ni kampuni mbili. Niliyoyasema asubuhi ni kweli, na niliyokuja kuyasema sasa nayo ni kweli. Hata mimi nimechanganyikiwa, mzee."

"Basi tuambie jambo ambalo hukuliandaa."

Likamjia moja, bila kulitafuta. Aliwaeleza kuhusu kisima kimoja cha Busi. Takwimu zake zilionyesha pampu nzima, maji mengi. Alipofika kijijini akawakuta kina mama wanachimba maji kwenye mchanga wa korongo. Pampu ilikuwa nzima kweli, ila aliyeshika ufunguo alikuwa amekwenda msibani, na hakuna aliyethubutu kuvunja kufuli.

"Sijui kisa hiki ni cha kazi ipi," alimalizia.

Dorkasi aliandika kitu. Mazengo akasema watampigia.

Hajafika nyumbani, Gerson akapiga. "Kumbe ulipita kwa wakala mwingine? Kwa nini hukuniambia?"

"Kaka, hukunitajia kampuni."

Gerson akakata simu. Nyuma yake ukaja ujumbe wa Batuli: "Mdogo wangu, umeniangusha au umenipaisha? Wamenipigia, wananiuliza maswali siyaelewi!"

Violeth naye hakuelewa. Usiku hakula. Alijiuliza kosa lake ni lipi, na kama kweli lipo, kila akigeuza jambo halioni.

Siku chache baadaye Batuli alipiga akicheka. Wamemchukua. Atakuwa Mlali na Busi na wakulima, na takwimu za huko atazisimamia mwenyewe.

"Cheo chenyewe kinaitwaje?"

"Wanasema bado wanafikiria. Wewe nenda kaanze kazi."

Violeth akafurahi, akalia kidogo, lakini Gerson hakumtoka moyoni. Alimpigia akiwa ameandaa maneno ya kuomba radhi.

"Kaka Gerson, samahani sana kwa yale."

"Yamepita. Siku nyingine niambie mapema, nami nitakutajia kampuni. Hivi kwenye mradi wenu hakukuwa na mhasibu mzuri? Kuna mtu ananisumbua, anamtaka haraka."

Violeth akabaki ameshika simu, asijue kama amesamehewa au ameajiriwa mara ya pili. Kisha akaanza kutafuta namba ya Yasinta, aliyekuwa mhasibu wa mradi.