Sila Kwenye Benchi

Witness alikuwa na daftari lake, na ole wake mtu aliyeligusa. Sisemi daftari la mauzo ya lile duka la dawa alimokuwa akiuza pale Nkuhungu, Dodoma. Hilo lilishinda juu ya kaunta na kumwagiwa chai na kila mpita njia. Hili jingine lilikaa ndani ya mkoba, na ndani yake mlikuwa na mechi zote za miaka sita za Reli ya Gulwe, timu isiyo na jezi wala kiwanja, timu iliyoishi ndani ya simu.

Mchezo wenyewe uko hivi, nikueleze sasa usije ukanikatisha mbele. Unapanga kikosi, unachagua nani aanze na nani akae benchi, halafu kila Jumamosi saa kumi jioni mtambo unaicheza mechi wenyewe. Kazi yako ni kutoa macho na kusoma maandishi yanayopita: fulani kapiga, fulani kakosa. Kwa nini huyu kashinda na yule kafungwa, waliotengeneza hawasemi ng'o. Witness alikuwa ameapa kuwaumbua, na kwa miaka sita ya kuandika alikuwa amepata siri mbili.

Ya kwanza ilikuwa mvua. Kila timu imesajiliwa chini ya mji wake, na mtambo huchungulia hali ya hewa ya mji wa mwenyeji. Ikinyesha kweli, uwanja kwenye simu unakuwa tope, na wachezaji wazito wanawaonea wepesi. Ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Mara kumi na moja, kwa mujibu wa daftari, kikosi chake kilikuwa kimenyooshwa bila yeye kugusa kitu: aliyechoka kapumzishwa, kijana aliyesahauliwa kapelekwa mazoezini. "Mtambo unawaonea huruma wavumilivu," aliwatangazia wenzake kwenye kundi lao la simu. Walimcheka wiki nzima, lakini Witness akikishika kitu hakiachi.

Jumamosi ninayoisema mimi haikuwa ya kucheka. Reli ya Gulwe ilikuwa inamaliza msimu wa tatu kwenye daraja la mwisho, na sheria ya mchezo haina msalie mtume: misimu mitatu chini bila kupanda, timu inafutwa. Wachezaji, vikombe, jina, kila kitu. Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya timu ya Brighton, kijana wa duka la fotokopi mlango wa pili. Brighton sare ilimtosha kupanda. Witness ilimlazimu kushinda.

Najua utakachosema. Mwanamke wa miaka ishirini na saba, mchezo wa simu, si aanzishe timu nyingine? Subiri basi. Witness alipohama Gulwe kuja mjini kusomea dawa, baba yake, mzee Obadia, aliyetaka binti yake afanye kazi ya reli kama yeye, alinuna. Miezi minane hakupokea simu yake. Kisha macho yakamsumbua, akaja Dodoma kutibiwa, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kufikia, akafikia kwa binti. Siku mbili walipishana humo ndani kama wapangaji. Jioni ya tatu mzee akamchungulia binti akicheza mchezo huo kwenye simu na kuuliza, "Huyu namba tisa mbona anasimama tu?"

Walianzisha timu mpya palepale. Jina alichagua mzee, nenosiri aliliandika yeye mwenyewe kwa kidole kimoja, na tangu siku hiyo hakukosa kupiga simu jioni hata moja. Lakini walizungumza timu tu. Ya moyoni hakuna aliyethubutu kuyagusa. Kwa hiyo Witness hakulilia vikombe. Swali lililomkausha mate lilikuwa moja: timu ikifutwa, baba atapiga simu aseme nini?

Asubuhi hiyo mzee hakungoja jioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbukwa," mzee akaongeza salamu ya Kigogo.

"Mbukwa."

"Niko juu ya tuta la reli, nakagua mataruma. Kushoto maji, kulia maji. Weka wazito."

Picha ikafuata, maji ya kahawia yamelamba kokoto za reli. Witness akapanga majitu matupu, kumi na moja wa kuanza na benchi zima. Sila, winga mwembamba ambaye mzee alimpenda kuliko wachezaji wote, alimtoa kabisa.

"Sila nimemwacha nyumbani, baba. Kwenye tope atazama."

"Sawa. Wewe ndiye kocha."

Ingeishia hapo ingekuwa siri nzuri. Lakini mzee Obadia naye ana sifa zake, akairusha picha ileile kwenye kundi, maana naye yumo: "Mbukwenyi nyote. Leo Gulwe ni bahari." Brighton aliiona. Habari za mvua alikuwa amezisikia kwa Witness mwenyewe, akapanga majitu na yeye.

Saa kumi kasoro dakika moja wawili hao walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya duka la dawa, kila mtu na simu yake. Maandishi ya kwanza yakatokea: Uwanja mkavu. Jua kali.

Hapo mtu yeyote wa Gulwe angekosea. Kule maji huja hata mbingu ikiwa nyeupe, kwa sababu mvua hunyesha huko juu, Kongwa na Mpwapwa, halafu mto unashuka nayo hadi kwenye reli. Watu wa Gulwe hawaangalii juu, wanaangalia mto. Mtambo haujui mto, unajua matone, na Gulwe siku hiyo halikudondoka hata tone.

"Umeweka wazito?" Brighton akauliza.

"Wote. Wewe?"

"Wote."

Brighton akaangua kicheko, sare ilikuwa yake. Witness hakucheka.

Ile haikuwa mechi, yalikuwa mashindano ya kusukuma makabati. Dakika ya thelathini hakuna aliyepiga golini. Ya sitini, vivyo hivyo. Dakika ya sabini na nane Denis, mshambuliaji wa Witness, akaumia goti, na mtu akiumia mtambo humwingiza aliye wa kwanza kwenye benchi.

Anaingia: Sila.

Witness akasoma mara mbili. Akaifuta simu kwa kanga, akasoma tena.

"Kumbe ulimficha," Brighton akasema.

"Sikumweka. Haki ya Mungu sikumweka."

Uwanja mkavu, mabeki wazito, wamechoka, na winga mwembamba mwenye miguu mipya. Dakika ya themanini na moja Sila akawapita wawili, mpira ukagonga mwamba. Brighton akaacha kucheka. Themanini na nane, akapiga, kipa akapangua. Mteja aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi akaulizia bei mara tatu, hakuna aliyemsikia, akainama na yeye kutazama. Tisini. Tisini na mbili. Sila anao mpira, Sila anampita beki, Sila yuko peke yake na kipa.

Gooo.

Witness alimkumbatia mteja. Mama wa watu alikohoa, akamkumbatia na yeye bila kujua wanashangilia nini. Filimbi ikalia, Reli ya Gulwe wamepanda daraja, na palepale simu ikaita.

"Umeona?" Mzee alikuwa anahema.

"Baba, ni mtambo tena. Mara ya kumi na mbili hii. Umemweka Sila wenyewe."

"Mtambo gani, mwanangu? Nilimweka mimi. Nilimwonea huruma kuachwa nyumbani."

Witness akakaa tena kwenye ngazi. "Na zile kumi na moja?"

"Tukishakata simu huwa naingia. Naangalia tu. Nikiona kilichopinda nakinyoosha, natoka."

"Kila jioni?"

"Labda mtandao ugome."

"Miaka sita, baba. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungebadilisha nenosiri."

Brighton alipomwona Witness anafuta macho akageukia barabarani na kujifanya anahesabu bodaboda. "Sibadilishi," Witness akasema.

"Vizuri." Mzee akakohoa, na Witness akangoja aulizie goti la Denis. Mzee akasema, "Umekula leo?"

Hakuwahi kumuuliza hivyo tangu ahame Gulwe.

"Bado, baba."

"Basi nenda ukale kwanza. Timu nitaiangalia mimi."