Mpangaji wa Nyumba Tatu

Mwaka ule ambao reli ya Wadachi ilikuwa imebakiza miezi michache kufika Dodoma, Kuluthumu binti Shomari alishuka kutoka kijiji cha Busi na punda wawili kuja kununua nyumba. Si ya kukaa. Alitaka nyumba ya kupangisha. Alikuwa mjane, miaka kumi na mmoja akiuza samli na asali, mwendo wa siku nne kwa miguu hadi mjini, na magoti yalikuwa yameanza kumlalamikia.

Dalali hakutafutwa, alijileta mwenyewe. Kabla punda hawajatuliwa mizigo, mbele yake alikwishasimama mtu wa pwani, kanzu safi, fimbo mkononi.

"Karibu, mama. Mimi Mustapha. Nyumba zote za mji huu nazijua kuliko wenyewe wanavyozijua."

"Na stesheni itajengwa wapi?" Kuluthumu aliuliza.

"Palepale nitakapokuonyesha nyumba."

Nyumba ya kwanza ilikuwa tembe la vyumba vinne, limepakwa udongo mpya. Ndani alikaa kijana wa Kigogo, kofia nyeupe kichwani, akiandika kwenye ubao.

"Huyu ni Kefa, karani wa reli," Mustapha alisema. "Muulize mwenyewe."

"Shikamoo, mama," Kefa alisema. "Nyumba hii tamu. Kodi nalipa hata kabla ya kudaiwa."

Kuluthumu aliitikia, akatazama chini. Kidole gumba cha mguu wa kijana kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu.

"Funza?"

"Funza, mama."

"Pole. Usikikune."

Nyumba ya pili ilikuwa upande wa pili wa mji, na Mustapha akaapa kwamba hapo pia ndipo stesheni itakapojengwa. Alimpitisha njia ndefu ya kuzunguka, akisimama kila hatua kusifu upepo. Walipofika, mlangoni alikaa mchungaji wa ng'ombe amejifunika shuka hadi puani.

"Mpangaji wa miaka miwili," Mustapha alisema. "Hataki kuhama hata umfukuze."

Mchungaji alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Chini ya shuka kilichungulia kitambaa chekundu.

Kuluthumu alibana midomo ili asicheke. "Baba, na wewe una funza?"

"Mwaka huu wamezidi," mchungaji alijibu kwa sauti nzito.

Nyumba ya tatu walimkuta mgonjwa amelala chali, anakohoa. Safari hii miguu yote miwili ilikuwa imetumbukizwa ndani ya kikapu.

"Mustapha," Kuluthumu alisema, "nina kiu. Niletee maji."

Dalali alipotoka, Kuluthumu akachuchumaa na kukivuta kile kikapu; kitambaa chekundu kikaonekana. Kefa alifumba macho.

"Fumbua. Anakupa nini?"

"Chakula cha mchana, mama. Na leo amenikimbiza kweli. Nimepita katikati ya mashamba ya watu."

Hapo Kuluthumu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akauliza, "Wewe mwenyewe, mwanangu, unalala wapi? Nyumba unayoilipia kodi kwa jasho lako."

"Kwa mama Dorkasi, karibu na kisima. Tuko wapangaji watatu. Naye anatafuta mnunuzi, anataka kurudi Mvumi kwa binti yake aliyejifungua mapacha."

"Mustapha anajua?"

"Anajua. Mama Dorkasi alimfukuza kwa mchi."

Jioni ileile Kefa akampeleka. Dorkasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hakumkaribisha hata akae.

"Kona ile inavuja. Kunguni wapo. Jirani anapika pombe na Jumamosi huwezi kulala. Stesheni sijui itakuwa wapi, na anayekwambia anajua ni mwongo. Bado unaitaka?"

Kutwa nzima hakuna aliyemtajia Kuluthumu kasoro hata moja, ila huyu. Moyo wake ukatulia.

"Naitaka, dada. Tukae tuzungumze bei."

Walipatana baada ya siku mbili za kugombana na kulishana ugali wa uwele, na karani wa bomani akaandika hati. Walipotoka tu, Mustapha akawasimamisha njiani.

"Mama, udalali wangu!"

"Wa nyumba ipi?"

"Nani alikuonyesha Kefa? Nilikuonyesha mimi! Tena mara tatu!"

Dorkasi alianza kuangaza huku na huku kutafuta kitu cha kushika. Kuluthumu akamzuia, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Vyumba viwili viko wazi," akamwambia dalali. "Niletee wapangaji, kwa kila mmoja nitakulipa. Ila waje wote kwa pamoja, siku moja, nami niwahesabu vichwa."

Mustapha alisimama akipapasa kidevu. Kazi ya namna hiyo hakuwahi kuifanya. Siku ya tatu alirudi na mafundi wawili wa reli, wamebeba vitanda vyao kichwani, na nyuma yao mke wa mmoja akilalamika juu ya jua. Kuluthumu aliwasogelea mmoja mmoja, akawatazama nyuso, kisha akawafungulia mlango.