Hema la Kobe

Kinyozi yule walimwita Kobe kwa sababu kila mwaka alifunga duka lake, akajitwika nyumba mgongoni na kutokomea. Nyumba yenyewe ilikuwa hema, na mgongo ulikuwa wa pikipiki. Alifuata barabara ya mto peke yake, akilala popote jua lilipomchwea, na aliporudi alikuwa amekonda, pua imembabuka, ana furaha ya mtu aliyetoka kuoa. Wateja walipomuuliza huko anafuata nini, alijibu, "Nafuata kunyamaziwa. Nyinyi mkikalia kiti changu hamnyamazi."

Hema alishonewa na mkewe. Mkewe alikuwa fundi wa maturubai: alishona vifuniko vya malori na viti vya pikipiki kwa cherehani nzito iliyotetemesha ukuta wa jirani. Mwaka ule Kobe alilalamika kwamba hema la zamani linapitisha upepo, tena linavuja mlangoni, anaamka kalowa kama kifaranga. Basi mke akamshonea jipya kwa turubai la lori. Mlangoni akatia zipu mbili, ya ndani na ya nje, na mkunjo mpana wa kuzuia mvua. Kuzunguka mlango wote akapitisha mkanda mgumu wa pande mbili, upepo usipate pa kuingilia. Mama mkwe, ambaye kusifu kwake kulikuwa adimu kama maziwa ya kuku, alipapasa mishono akasema, "Hapo mwanangu halowi tena."

Kobe aliondoka mwanzoni mwa mvua, asirudi. Askari waliikuta pikipiki juu ya kona ya mto, chini ya mti, imefungwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Kobe hayupo na hema halipo. Watu hawakukawia kuliziba pengo hilo. Pikipiki kaiacha salama, hema kabeba: huyo kafuatwa na gari, na ndani ya gari mlikuwa na mwanamke. Lisemwalo lipo, walisema. Baada ya muda mwanamke huyo alikwisha kupewa rangi, umbo, na mwanya katika meno ya mbele.

Aliyempamba zaidi alikuwa mama mkwe. "Jinga lile lipo mahali linakula na kushiba," alisema kila alipopita mgeni. Mke wa Kobe naye alimtukana yule mwenye mwanya asubuhi na jioni, na moyoni akamwombea uhai. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mume aliye na mwanamke yu hai, na mume aliye hai unaweza kumfuata, ukamzaba kofi, kisha ukamrudisha au ukamwacha hukohuko. Hakutaka kingine duniani ila shavu la kulizaba.

Mvua zilipokatika, alishona hema lingine kwa kipimo kilekile, akalifunga nyuma ya pikipiki ya mumewe, ambayo askari waliirudisha, akatafuta ufunguo wa akiba, akaenda kumuaga mama mkwe.

"Ukimkuta na huyo mwanamke usipigane," mama mkwe alimwambia. "Nipigie simu. Nitakuja kupigana mwenyewe."

Barabara ya mto ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimkera. Upande mmoja miamba myekundu, upande mwingine maji ya kijani yakiteleza taratibu kama hayajawahi kumkosea mtu. Kila penye kivuli na watu alisimama, akavua kofia ngumu, akaonyesha picha. Muuza chai alimkumbuka: "Si yule anayecheka peke yake? Alimnyoa baba yangu bure." Fundi wa pancha alimkumbuka pia. Lakini mwanamke? Mwanamke hakuna aliyemwona.

"Labda alikuwa anamngoja mbele," fundi wa pancha akasema, akaliongezea upepo gurudumu ambalo halikuhitaji upepo. Mke wa Kobe alimshukuru sana kwa hiyo labda. Aliendesha nayo hadi jioni.

Alilala kwenye ileile kona. Pikipiki aliiacha juu, kama mumewe, akashuka kutandika hema kwenye mchanga laini karibu na maji. Alfajiri aliamka amebanwa na haja, akapapasa mlango. Zipu ya ndani ilikubali. Ya nje ikaumeza ule mkunjo wa mvua, ikakwama. Alivuta, akaitukana, kisha akajicheka: fundi mzima anafungiwa na kazi yake mwenyewe! Ilimbidi kuunyoosha mkunjo kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine, polepole, hadi ikaachia. Alitoka ana jasho, akaenda zake kichakani, na jambo hilo likamtoka akilini.

Mchana wake, bondeni zaidi, alipita nyumba ya mchimba mchanga mmoja. Uani palikuwa na rundo la mahindi lililofunikwa turubai, naye alipita kabisa kabla mikono yake haijafunga breki. Kila fundi ana mkono wake. Yeye mwisho wa mshono hurudisha sindano nyuma, akaacha kijisalaba kidogo, na kijisalaba hicho alikuwa amekiona kutoka barabarani.

"Kaka, hili mmelitoa wapi?" aliuliza, hata salamu kaisahau.

Mchimba mchanga alimtazama yeye, akaitazama pikipiki. "Tuliliokota, dada. Mto ulijaa ghafla usiku, mvua imenyesha huko juu, hapa kukavu. Maji yalipopungua tukalikuta limenasa kwenye mizizi."

"Halikuwa na mtu?"

"Hema tupu."

Tupu! Nusura amkumbatie. Hema tupu maana yake mtu katoka. Na mtu akitoka ataogelea, atafika ng'ambo, na ng'ambo kuna barabara, na barabarani kuna magari yenye wanawake. Alicheka kwa sauti. Kisha, kwa mazoea tu, akaligeuza turubai kama anavyoligeuza la mteja aliyekuja kulalamika.

Zipu ya nje ilikuwa imefungwa, imeumeza mkunjo wa mvua, palepale ya kwake ilipoumeza alfajiri ile. Ubavuni palikuwa na pasuo kubwa, baya, la panga, nyuzi zake zimeingia ndani. Na kando ya mlango palikuwa na pasuo lingine, dogo, jembamba, lililonyooka kama mstari wa kinyozi kisogoni. Nyuzi za hilo zilitokeza nje. Lilikuwa na urefu wa kiganja, likaishia pale wembe ulipokutana na ule mkanda mgumu wa pande mbili.

Aliingiza vidole. Vilipita vinne.

"Hapa pakubwa kapasua nani?"

"Mimi," mchimba mchanga akasema.

"Hema tupu ulilipasulia nini?"

Mke wa mchimba mchanga, aliyekuwa akipepeta nafaka, aliweka ungo chini. "Mwambie mwenzio," akasema. "Huoni ni wake?"

"Mmemzika wapi?" mke wa Kobe akauliza.

Walimzika juu ya ukingo, mahali maji hayafiki. Mchimba mchanga alieleza njia nzima bila kuulizwa: kuchimba pale kumekatazwa, na anayepeleka maiti kwa askari ndiye anayelala ndani. Walimstiri kwa heshima, shuka ilikuwa mpya. Wembe hawakuweza kumtoa mkononi, wakamwachia. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mfukoni, huu hapa. Mkewe alikuja nyuma akilia, analia kwa haya na kwa huruma pamoja.

Mke wa Kobe hakulia. Alipiga magoti mbele ya mawe yaliyopangwa vizuri, akatazama mikono yake, na mikono ile ikamchukiza hata akaificha kwapani. Alikuwa amempenda mtu huyu, akamshonea mapenzi hayo kwa uzi wa lori, pande mbili.

Simu aliipiga hapohapo, kwa kuwa akingoja asingeweza.

"Umemwona?" mama mkwe aliitikia kabla haijalia vizuri.

"Nimemwona, mama."

"Na huyo malaya wake yupo?" Sauti ilikuwa tayari imekunja mikono ya gauni.

"Hakuna mwanamke, mama."

Upande wa pili kuku wa uani kwao walisikika wakigombea kitu.

"Hakuna kabisa?" mama mkwe akauliza, na sasa alikuwa anaomba. "Tazama vizuri, mwanangu. Labda ametoka kidogo."

"Nimetazama, mama," akasema.